Feni Inayopuliza Kwenye Namba Nne Tu

Ukisafiri alfajiri kutoka Uyole kwenda Tukuyu katika miezi ya Juni na Julai, utawakuta madereva wengi wameshika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili. Barabara inapanda kuelekea Isongole, ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi, na kioo cha mbele kinazibwa kutoka ndani kwa mvuke wa pumzi za watu watatu waliobanana kwenye kiti cha mbele. Mwenye pikapu yenye feni nzima anageuza swichi, anaelekeza hewa kwenye kioo, na baada ya muda mfupi anaiona njia. Mwenye feni mbovu anafuta, utingo naye anafuta upande wake, na kila wakifuta wanaacha michirizi ambayo taa za lori linalopanda kutoka Kasumulu huigeuza kuwa mng'ao mweupe usiopenyeka kwa macho. Kwa sababu hiyo sikubaliani na mafundi wanaoichukulia feni ya ndani kuwa starehe, jambo la kushughulikiwa baada ya breki, klachi na springi zote kumalizika. Huku Nyanda za Juu Kusini mimi huihesabu pamoja na waipa na taa.

Pikapu ninayoizungumzia ni ya Kijapani, ya dizeli, yenye usukani kulia na swichi ya feni yenye namba nne za kasi. Maisha yake ni magumu kwa namna mbili zinazopingana. Msimu wa mbegu za viazi hupanda njia ya Isyonje kwenda Kitulo na Makete, kwenye uwanda wenye mwinuko wa karibu mita 2,600, ambako kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa baridi. Msimu wa mpunga hushuka Igurusi na Chimala, kwenye bonde la Usangu, karibu mita 1,500 chini ya uwanda huo, ambako vumbi la barabara za mashambani huingia kila mahali penye upenyo. Hewa yote inayoingia ndani ya gari katika safari hizo hupitia kwanza kwenye feni.

Ugonjwa wenyewe ulijitokeza hivi: namba moja, mbili na tatu zilikufa kwa pamoja, lakini namba nne iliendelea kupuliza kwa nguvu kama kawaida. Dalili hiyo ni ya kawaida sana kwenye magari ya aina hii, na anayejua jinsi umeme wa feni unavyotembea anaweza kuikaribia kasoro kabla hajashika hata bisibisi. Nitaeleza njia hiyo kwa utaratibu, kwa kuwa fedha nyingi za wenye magari hupotelea hapo.

Mota ya feni ni mota ya kawaida ya volti 12. Ukiipa volti zote inazunguka kwa kasi yake yote, na ukiipa volti pungufu inazunguka polepole. Kazi ya kupunguza volti hufanywa na rezista, yaani kijibao kidogo chenye koili za waya, kilichofungwa kwa skrubu mbili kwenye sanduku la hewa karibu na mota, huku koili zenyewe zikiwa zimeingia ndani ya njia ya upepo. Ukiweka namba moja, umeme hupita kwenye koili zote. Namba mbili huacha nje sehemu ya koili, namba tatu huacha nje sehemu kubwa zaidi, na namba nne haigusi koili hata moja. Kwenye kijibao hicho hicho kuna fyuzi ya joto, kiungio kidogo kilichotengenezwa ili kiyeyuke endapo koili zitapata joto kupita kiasi. Kikikatika, namba tatu za chini hufa kwa mara moja, na namba nne hubaki hai kwa sababu njia yake haipiti hapo. Mota iliyokufa haichagui namba.

Pamoja na uwazi huo wote, gereji ya kwanza niliyoipeleka, mjini Mbeya, ilitaka kuniuzia mota. Kijana wa umeme alilala chini ya dashibodi upande wa abiria, akaweka swichi namba moja, akachoma testa yake kwenye waya mmoja wa mota, taa ikawaka. Akachoma waya wa pili, taa ikawaka tena.

“Mzee, umeme unafika hadi kwenye mota, tena kote kuwili. Mota ndiyo imekwisha.”

“Mwanangu, kama imekwisha, kwenye namba nne inazungushwa na nani?”

“Ile inasukumwa na moto mwingi, mzee. Haina muda mrefu.”

Simlaumu sana yule kijana, maana alichokiona kilikuwa cha kweli. Tafsiri yake ndiyo iliyokwenda upande. Katika pikapu nyingi za Kijapani za umri huu, swichi ya feni na rezista haziko upande wa chanya kama watu wanavyodhani. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye rile, yaani swichi inayofungwa kwa nguvu ya umeme, kisha huingia moja kwa moja kwenye mota. Ni baada ya kutoka kwenye mota ndipo unapokutana na rezista, kisha swichi, kisha waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi, yaani mwili wa chuma wa gari. Rezista ikikatika, umeme unaotoka upande wa pili wa mota hauna pa kwenda. Hakuna mkondo unaotembea, hivyo hakuna volti inayotumika ndani ya mota, na ncha zake zote mbili hukaa kwenye volti 12 zile zile ukizilinganisha na bodi. Testa inawaka kote kuwili, na fundi anayeamini kwamba umeme ukifika kazi imekwisha anahukumu mota.

Kipimo sahihi ni kuziweka ncha mbili za mita ya kupimia volti kwenye nyaya mbili za mota yenyewe, bila kugusa bodi. Kwenye pikapu yangu, swichi ikiwa namba moja, mita ilisoma sifuri. Ikiwa namba nne, ilisoma karibu na volti za betri. Mota haikuwa inapokea chochote kwenye namba za chini, na kifaa kisichopokea kitu hakiwezi kushitakiwa kwa kutofanya kazi. Kisha nilichomoa soketi ya rezista na kupima omu, yaani ukinzani, kati ya miguu yake. Rezista nzima hutoa omu chache tu, nayo huongezeka kidogo kidogo kadiri unavyopima kuelekea mguu wa namba moja. Yangu haikutoa kitu. Fyuzi yake ya joto ilikuwa imekatika.

Hapo ndipo wengi humaliza. Wananunua rezista, wanafunga skrubu mbili, feni inapuliza namba zote, na wanaondoka wameridhika. Baada ya kipindi fulani namba za chini hufa tena, na lawama huwaendea wauza spea kwamba siku hizi wanauza vitu feki. Spea duni zipo, tena nyingi, lakini fyuzi ya joto iliyokatika ni kifaa kilichotimiza wajibu wake. Ilikatika kwa sababu mahali fulani palikuwa na joto lisilostahili, na rezista mpya itawekwa kwenye joto lile lile kama chanzo hakijatafutwa.

Chanzo cha kwanza nilikikuta mkononi tayari. Soketi ya rezista, ile ya plastiki inayochomekwa, ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia kuzunguka tundu moja, na plastiki ilikuwa imelainika na kuganda tena ikiwa imepinda. Mtu akiona hivyo husema kulikuwa na shoti, lakini hapa, baada ya mota, shoti ya kwenda kwenye bodi ingeifanya tu feni izunguke kwa kasi yote. Kilichotokea ni kwamba chuma cha ndani ya soketi kilikuwa kimelegea na kushika kutu nyepesi, kwa hiyo umeme ulikuwa ukipita mahali pembamba. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mkondo wa ampea 15, kiasi ambacho feni ya pikapu inaweza kuvuta kwenye namba nne, na chukua ukinzani mdogo wa omu 0.2 kwenye mguso uliolegea. Volti 3 zinapotea hapo, na joto linalozalishwa ni wati 45. Pasi ya kulehemu redio inatosheka na wati 30 hadi 40, na hapa tunazungumzia joto kama hilo ndani ya tundu la plastiki lisilozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Ajabu ni kwamba mita ya kawaida haikuonyeshi jambo hilo ukipima soketi ikiwa imechomolewa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utasoma volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti mkondo wa kuusumbua. Kwa hiyo mimi hupima kila kitu kikiwa kinafanya kazi: injini inaunguruma, feni iko namba nne, na ncha za mita zimepenyezwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Napima kati ya chanya ya betri na waya unaoingia kwenye mota, kisha kati ya hasi ya betri na waya wa hasi wa swichi. Ninachokitafuta ni volti zinazopotea njiani. Upande wa chanya nusu volti nairuhusu, upande wa hasi nataka kiasi kidogo zaidi, na nikiona volti mbili au tatu zimepotea, nasogeza ncha ya mita kutoka kiungo kimoja hadi kingine mpaka nione kiungo kinachozila. Asiye na mita anaweza kutumia balbu ya indiketa ya wati 21 iliyofungiwa nyaya mbili. Hiyo huvuta karibu ampea 2, na ikiwaka kwa mwanga hafifu pale inapopaswa kuwaka kwa nguvu, njia ya umeme imesinyaa. Testa ndogo ya bisibisi haifai kwa kazi hii, maana huwaka kwa mkondo kiduchu mno.

Chanzo cha pili kilikuwa ndani ya feni. Kwenye pikapu zenye usukani kulia, mota hukaa upande wa kushoto, nyuma ya droo ya dashibodi, na ikishachomolewa soketi yake hufunguliwa kwa skrubu tatu na kushuka yenyewe mapajani mwako pamoja na gurudumu la feni. Yangu ilishuka na uchafu wa kutosha kujaza bakuli: majani ya mikaratusi, sindano za misonobari, vipande vya maganda ya mahindi ambavyo panya alikuwa ameviingiza kwa kazi yake mwenyewe, na vumbi la Usangu lililoloana kwa ukungu wa Kitulo hadi likawa tope na kukauka likiwa limeng'ang'ania kwenye mapezi. Majani huingia kupitia nafasi iliyo chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapofungwa. Anayeegesha gari chini ya mti kila siku hujaza sanduku hilo bila kujua. Panya hufuata joto la injini na harufu ya nafaka. Ukikuta kiota, nyunyizia maji kabla ya kukigusa na ujifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mkojo wa panya si la kuvuta.

Hapa kuna dhana moja inayopendwa sana gereji ambayo naona inapotosha. Husemwa kwamba njia ya hewa ikiziba, mota hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi na kuvuta umeme mwingi. Kwa feni ya aina hii, yenye gurudumu la mapezi mengi linalofanana na kizimba, hali ni kinyume. Washa feni namba nne, ziba matundu yote ya hewa kwa viganja vyako na vya mwenzako, na utaisikia sauti ikipanda, maana mota imepunguziwa hewa ya kusukuma na inazunguka kwa wepesi zaidi. Madhara ya kuziba yako kwingine. Koili za rezista zimewekwa kwenye njia ya upepo ili upepo huo uzipoze. Upepo ukipungua, joto la koili hupanda hata kama mkondo haujaongezeka, na hali ni mbaya zaidi kwenye namba za chini ambazo upepo wake tangu hapo ni mdogo. Tuchukulie namba moja inapitisha ampea 4 na rezista inakula volti 8: hizo ni wati 32 zinazotegemea upepo dhaifu kuziondoa. Kinachoongeza mkondo kweli ni mkwaruzo: jani gumu linalosugua ukutani mwa sanduku, tope lililofanya gurudumu kuwa zito na kupepesuka, au bushi za mota, zile pete zinazoshika mhimili wake, zilizokauka. Pikapu yangu ilikuwa na vyote viwili, upepo pungufu na mota ngumu kuzunguka.

Ugumu wa mota hupimwa kwa vidole. Gurudumu likisukumwa linapaswa kuzunguka kwa ulaini na kusimama taratibu. Likisimama ghafla, au likiwa na mahali panaponasa, bushi zimekwisha mafuta. Mwenye gari wa huku baridi hupata onyo mapema, kwa sababu bushi kavu hulia kama ndege asubuhi ya kwanza ya Juni, kisha hunyamaza gari likipata joto, na wengi huichukulia kelele hiyo kuwa imepona. Nilitia tone la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kila bushi. Mengi zaidi ya hapo hutiririka hadi kwenye kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, yakachanganyika na vumbi lake jeusi na kuziba mguso. Kaboni zenyewe nilizikuta bado ndefu. Zingekuwa fupi, dalili ingekuwa nyingine kabisa: feni hugoma namba zote, kisha huamka ukigonga sehemu ya chini ya mota kwa mpini wa bisibisi, au gari likipita kwenye shimo. Abiria wa viti vya mbele hujifunza haraka mahali pa kupiga teke.

Kusafisha gurudumu ni kazi ya brashi laini ya rangi na maji kidogo yenye sabuni, baada ya kulitenga na mota. Kuna jambo moja la kuangalia. Kwenye baadhi ya mapezi utaona kibanio kidogo cha chuma kinachoonekana kama uchafu uliosahaulika, na fundi mwenye bidii hukitoa. Kibanio hicho kiliwekwa kiwandani ili gurudumu lizunguke bila kutetema. Kikiondoka, dashibodi nzima itatetemeka kwenye namba nne na bushi zitaliwa upande mmoja.

Kuhusu rezista ya kubadilisha, niliinunua mpya, nikakataa ya mtumba. Mota ya mtumba hukaguliwa kwa kuizungusha na kuisikiliza, lakini rezista ya mtumba imekwisha kupitia joto la gari la mtu mwingine na huna njia ya kujua fyuzi yake imebakiwa na uhai gani. Vilevile kuna ujanja ambao nimeuona ukifanywa kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako na ambao siupendi. Wa kwanza ni kulehemu waya mtupu juu ya fyuzi ya joto iliyokatika. Feni hufufuka, namba zote hurudi, na ulinzi pekee uliokuwepo kati ya koili nyekundu kwa joto na plastiki ya sanduku la hewa unakuwa umeondolewa. Wa pili ni kutengeneza rezista ya kienyeji kwa waya wa jiko la umeme na kuifunga chini ya dashibodi, nje ya njia ya upepo. Ubunifu wake nauheshimu, lakini wati thelathini na ushei zisizo na wa kuzipoza, karibu na zulia na nyaya nyingine, ni moto unaosubiri safari ndefu. Mwenye haraka na asiye na fedha ya rezista ni bora aendeshe na namba nne peke yake, huku akiwasha na kuzima, mpaka aipate.

Soketi iliyoungua nayo haifai kurudishwa. Nilikata inchi chache za waya hadi nikafika kwenye shaba inayong'aa, kwa sababu sehemu iliyopata joto huwa nyeusi na ngumu na haishiki lehemu, kisha nikaunga soketi nyingine kwa waya laini wa magari wenye unene wa milimita za mraba 2.5. Dukani watakupa waya wa nyumba wenye unene huo huo, wa uzi mmoja mgumu; mtetemo wa barabara ya Makete utaukata. Viungo nilivibana kwa koleo, nikavilehemu na kuvivika mpira. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia utepe ndiyo mwanzo wa omu 0.2 niliyoitaja hapo juu.

Feni inapokufa namba zote, utafutaji huanzia mahali pengine, nao ni mfupi zaidi. Anza na fyuzi ya feni, ambayo kwa kawaida ni kubwa, ya ampea 30 au 40, na angalia pia miguu yake kama imebadilika rangi. Kisha sikiliza rile: ikibofya unapogeuza swichi lakini mota haipokei kitu, midomo ya rile imeungua. Rile iliyoungua huweza pia kugandia ikiwa imefunga, na kwenye magari mengine utaikuta feni ikipuliza hata baada ya kutoa ufunguo na betri imekufa asubuhi. Kisha kagua waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Fyuzi iliyokatika ikibadilishwa na kukatika tena, usipandishe ukubwa wake wala usiweke nyuzi za waya mahali pake, maana sasa waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, nao umepita ndani ya fungu la nyaya zote za dashibodi.

Kwa wenzetu wa Rungwe naongeza jambo la maji. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji yote yanayoteremka kwenye kioo cha mbele huingia kwenye mfereji uliopo chini ya waipa na kutokea pembeni kupitia matundu madogo. Majani yakiziba matundu hayo, maji hutafuta njia ya pili, nayo ni mdomo wa feni. Abiria hulalamika kwamba miguu inalowana, mota hushika kutu, na miguu ya rezista huota unga wa kijani. Kubadilisha mota bila kuzibua matundu hayo ni kumwogesha mgeni kwenye maji yale yale.

Gari za miaka ya karibuni zenye kiyoyozi cha kujirekebisha chenyewe hazina rezista ya koili. Kasi ya feni hudhibitiwa na moduli ya elektroniki, na kuchomachoma nyaya zake kwa balbu au kuziunganisha moja kwa moja kunaweza kuharibu kifaa cha bei kubwa. Ninayoyaeleza hapa ni ya swichi yenye namba.

Feni ikifia safarini kabla hujafika kwa fundi, kuna namna ya kuendelea. Weka mlango wa hewa upande wa kuingiza hewa ya nje, kwa sababu ule wa kuzungusha hewa ya ndani hurudisha pumzi zenu zile zile kwenye kioo. Peleka hita mwisho, elekeza hewa yote kwenye kioo, na teremsha vioo vya pembeni kidogo. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya mbele husukumwa yenyewe kupitia nafasi ya chini ya waipa, hupita kwenye hita na kukifikia kioo, ingawa kwa unyonge; likisimama kwenye foleni ya Mafiati hakuna kinachosukuma. Magunia yaliyolowa na makoti ya mvua yapelekwe nyuma. Madereva wa zamani husugua sabuni kavu kidogo kwenye kioo kwa ndani, kisha hukipangusa mpaka king'ae, na hilo linasaidia kweli. Kiyoyozi hukausha hewa vizuri kuliko njia zote hizi, lakini bila feni hakina maana.

Baada ya kazi nilipima upya kwa namna ile ile, injini ikiunguruma na feni ikiwa namba nne. Volti zinazopotea upande wa chanya zilikuwa chini ya nusu, upande wa hasi hazikufika robo, na baada ya mwendo wa kutoka Uyole hadi Isyonje kwenye namba mbili niliishika soketi ya rezista kwa vidole bila kushituka. Kisha nikakata wavu wa chuma wenye matundu ya karibu milimita 5 na kuubana chini ya nafasi ya waipa. Wavu mwembamba wa mbu ungezuia hata vumbi, lakini ungeziba upesi na kuinyima rezista upepo wake. Wavu huu hutolewa na kukung'utwa kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa majani yakishalowana hushikamana juu yake na kuzuia maji yasifike kwenye matundu ya pembeni.